Je, wajua kwa nini kupasua kiini cha atomi kunatoa nishati, na kuunganisha viini nako kunatoa?

Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kupitia Masasi hadi bandari ya Mtwara, kila moja likibeba takribani tani 30 chini ya turubai, wakazi wa Kusini wanayafahamu vizuri. Panga 100 ya namna hiyo, uchome mzigo wote. Joto utakalopata ni karibu sawa na lile la kilo moja tu ya urani-235, aina mojawapo ya urani, ambayo viini vyake vyote vimepasuka. Na urani yenyewe haiko mbali: ipo Namtumbo, mkoani Ruvuma, jirani na Mtwara, katika eneo la mto Mkuju.

Ukubwa huo unashangaza, lakini kuna swali ambalo mimi naliona zito zaidi. Vinu vya nyuklia vinapata nishati kwa kupasua viini vikubwa. Jua linapata nishati kwa kuunganisha viini vidogo. Hivi ni vitendo viwili vilivyo kinyume kabisa, sasa inakuwaje vyote viwili vitoe? Ukipata faida kwa kupasua, si ungetegemea ulipe gharama unapounganisha? Wanafunzi wengi hukaririshwa kwamba "vyote hutoa nishati" na somo likaendelea. Wanastahili zaidi ya hapo.

Jibu limo ndani ya kiini chenyewe. Humo mna protoni na nyutroni. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinasukumana. Kinachozizuia zisitawanyike ni kani ya nyuklia, ambayo ni kali mno ila haifiki mbali: kila chembe hushikana na zile zinazoigusa tu. Msukumano wa umeme, kwa upande wake, huvuka kiini kizima. Katika kiini kidogo, kila chembe inayoongezeka huleta mshiko mpya na mshikamano unazidi. Katika kiini kikubwa kama cha urani, chenye protoni 92, mshiko umeshafika kikomo, lakini kila protoni bado inasukumana na nyingine zote 91. Kiini kinashikilia kwa shida. Katikati ya viini vidogo na vikubwa, kwenye chuma na nikeli, ndipo chembe zimebanana kuliko kwingine kote.

Chembe zikihama kutoka mshiko legevu kwenda mshiko wa kubana, nishati hutoka. Hiyo ndiyo kanuni yote. Simama Newala, pale Shimo la Mungu, utazame chini lilipo bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya pili, ndani ya Msumbiji, kuna nyanda za juu za Mueda. Jiwe likiporomoka kutoka Newala linaelekea mtoni. Likiporomoka kutoka upande wa Mueda, nalo linaelekea mtoni. Yanakwenda pande zilizo kinyume, lakini yote yanashuka. Chuma ndicho mto. Urani iko kwenye ukingo mmoja, haidrojeni kwenye ukingo wa pili, na mteremko wa haidrojeni ni mkali zaidi: haidrojeni ikigeuka kuwa heliamu hupoteza karibu asilimia 0.7 ya uzito wake, wakati urani ikipasuka hupoteza karibu asilimia 0.1 tu. Viini vya chuma, ukivipasua au ukiviunganisha, vyote ni kupanda mlima. Utalipa.

Uzito huo unaopotea ndio uliofumbua fumbo lenyewe. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, elementi yenye uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya urani. Hawakuelewa imetoka wapi. Hahn akamwandikia Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Sweden mwaka huohuo kuwaepuka Wanazi. Sikukuu ya Krismasi, Meitner na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, walitoka kutembea kwenye theluji karibu na mji wa Kungälv, wakaketi juu ya gogo na kuanza kupiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Kiini kikigawanyika, vipande viwili vyenye chaji chanya vingesukumana kwa nishati ya elektronivolti milioni 200 hivi (elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati, kinachotumika kwa atomi na chembe zake). Itoke wapi? Meitner alikumbuka namna ya kukokotoa uzito wa viini: vipande viwili kwa pamoja vilikuwa vyepesi kuliko urani kwa karibu moja ya tano ya uzito wa protoni. Akatumia kanuni ya Einstein, E=mc², inayoonyesha uzito uliopotea umegeuka nishati kiasi gani. Jibu likaja milioni 200. Hahn alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944. Meitner hakupewa, na mimi nahesabu hiyo kuwa dhuluma ya wazi.

Linganisha na gesi ya Mnazi Bay. Molekuli moja ya methani ikiungua hutoa elektronivolti 9 hivi, kwa sababu moto huchezea elektroni za nje tu na kiini hakiguswi.

Urani ikipasuka hutoa pia nyutroni mbili au tatu, nazo huenda kupasua viini vingine, na mfululizo ukaendelea. Lakini anayehofia kwamba mawe ya Namtumbo yatalipuka yenyewe aondoe shaka: ni asilimia 0.7 tu ya urani ya asili iliyo urani-235, aina inayopasuka kwa urahisi. Mionzi na vumbi la mgodi ni suala jingine, na linahitaji uangalizi wa kweli.

Upande wa kuunganisha, ushahidi unaanikwa uani kila msimu. Korosho za Tandahimba na Ruangwa hukaushwa kwa nishati ya viini vilivyoungana katikati ya jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15. Kila sekunde jua hugeuza takribani tani milioni 600 za haidrojeni, na tani milioni 4 kati ya hizo hazionekani tena kama maada, zimekuwa nishati.

Hapa duniani kazi ni ngumu, maana viini viwili vyenye chaji chanya havikubali kukaribiana bila joto kali mno, na kwenye mitambo huhitajika nyuzi zaidi ya milioni 100. Mafuta si tatizo kubwa: mita moja ya ujazo ya maji ya bahari, hata ukiyachota Mikindani, ina gramu 33 hivi za dutiriamu, haidrojeni nzito inayotumika. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore huko California ilipiga punje ya mafuta hayo, yakiwa yamechanganywa na tritiamu, haidrojeni nzito zaidi, kwa leza yenye nishati ya megajuli 2.05 na kupata megajuli 3.15. Leza hizo zenyewe zilikuwa zimevuta karibu megajuli 300 za umeme.