Kufundisha uuguzi kwa visa: kisa kikiisha, somo ndiyo kwanza linaanza

Dhana: "Wanafunzi wakishafanya kisa, wameshajifunza."

Kila nikikaa na wakufunzi wa vyuo vya uuguzi nasikia maneno yaleyale. Kipindi kifupi, wanafunzi wengi, kwa hiyo kisa, yaani zoezi la kuigiza kumhudumia mgonjwa, kikiisha mkufunzi anasema "vizuri, mkasome sura ya kutokwa damu baada ya kujifungua," na kundi lingine linaingia. Ndugu zangu, hapo mmeigiza tu. Kufundisha bado.

Chukua mama aliyejifungua nusu saa iliyopita, khanga aliyolalia imelowa damu. Mwanafunzi anapima: mapigo 124, presha 110/70. Anaandika kwenye chati, anamfunika mama shuka, anasema atarudi kumwangalia baada ya dakika 15. Ukimruhusu aondoke hapo, unachojua ni kwamba amechelewa. Kwa nini amechelewa, hujui, na yeye pia hajui.

Muulize: "Ulipoziona namba zile, ulifikiria nini?" Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata kimya kikikuwasha, maana wakufunzi wengi hujibu swali lao wenyewe kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Atakwambia: presha ilikuwa nzuri, nikaona mama yuko salama. Kumbe tatizo ni hilo! Mzazi kijana mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu huku presha yake ikisoma vizuri, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia. Mapigo ndiyo yanayotangulia kutoa habari. Fikra kama hiyo huioni kwenye cheklisti hata uijaze mara ngapi. Utaisikia kwa mwanafunzi mwenyewe, tena akiulizwa kwa heshima. Ukianza na "umekosea wapi?" mbele ya wenzake, atainamisha kichwa na kuomba radhi, na wodini ataendelea kuiamini presha.

Mimi napanga hivi: kisa dakika 10, mazungumzo dakika 20, kisha kisa kilekile kirudiwe. Safari hii utamwona anaita msaada mapema, anashika mfuko wa uzazi na kuusugua, anaulizia oksitosini (dawa ya kuufanya mfuko ubane), anakumbuka kuangalia kama kibofu kimejaa. Muda ukibana, punguza idadi ya visa. Mazungumzo usiyaguse.

Dhana: "Bila midoli ya kisasa hatuwezi."

Mnaweza. Mdoli wa MamaNatalie huvaliwa tumboni na mtu anayeigiza mzazi, hutoa damu bandia na hauhitaji umeme. Nao ukikosekana, mwanafunzi mmoja alale kitandani, khanga imwagiwe maji ya rangi, na mkufunzi aandike mapigo na presha kwenye kadi. Ninasisitiza jambo moja: kadi isionyeshwe mpaka anayehudumia ashike kifundo cha mkono na kuhesabu. Ukizisoma namba kwa sauti kutoka pembeni, unamzoesha kupima bila kumgusa mgonjwa.

Dhana: "Semina ya siku moja imetosha."

Haitoshi, na ushahidi uko hapahapa Tanzania. Utafiti wa Hospitali ya Haydom, Manyara, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba baada ya mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe (kumsaidia mtoto mchanga kupumua), wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini utendaji wao chumba cha kujifungulia haukubadilika. Mambo yalibadilika walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikapungua.

Dhana: "Kisa ni mchezo, shule ni wodi."

Wodi inabaki kuwa shule, hakuna anayebisha. Lakini mwaka 2014 baraza la taifa la bodi za uuguzi Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanafunzi wa vyuo 10. Waliofanya hadi nusu ya saa zao za wodini kwa mazoezi ya kuigiza hawakuachwa nyuma na wenzao, hata kwenye mtihani wa leseni. Wanaoipenda habari hii husahau kipande chake cha pili: wakufunzi wa vyuo vile walifundishwa mahususi namna ya kuongoza mazungumzo ya baada ya kisa. Kwa hiyo mnapopanga ratiba ya muhula ujao, yaandikeni mazungumzo hayo kama kipindi kamili, pamoja na jina la atakayeyaongoza.