Kengele iliyookoa ililia ulingoni

Kwa Kiingereza husemwa "saved by the bell", yaani kuokolewa na kengele, pale mtu anapoponea chupuchupu kwa kuwa muda umekwisha: mwanafunzi ameulizwa swali asilolijua, na kabla hajafumbua kinywa kengele ya mapumziko inalia. Maana ni hiyo tu. Kinachoudhi ni asili inayosimuliwa, ambayo husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni historia: kwamba zamani watu walizikwa wakiwa hai kwa makosa, ikabuniwa kamba ya kufungwa mkononi mwa maiti na kuunganishwa na kengele juu ya kaburi, na kwamba aliyezinduka akaivuta ndiye aliyeokolewa na kengele.

Majeneza hayo yalibuniwa kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinaaminika. Mwaka 1868 Franz Vester wa Newark, New Jersey, alipewa hataza ya jeneza lenye bomba la mraba lililosimama juu ya uso wa marehemu, ndani yake ngazi, pamoja na kamba ambayo ncha moja ilishikishwa mkononi mwake na nyingine kufungwa kwenye kengele. Hofu ya kuzikwa hai ilikuwa kubwa karne ile, hasa kipindupindu kilipoingia na maziko kufanywa harakaharaka. Hata hivyo, kuwepo kwa jeneza hakuthibitishi kwamba msemo ulizaliwa humo.

Msemo ulizaliwa kwenye ndondi, na kanuni za mchezo huo zenyewe zinaonyesha kwa nini haukuweza kuzaliwa mapema zaidi. Katika kanuni za London za mwaka 1838, raundi haikupimwa kwa dakika; ilikwisha bondia alipoanguka, naye akapewa sekunde 30 za kuvuta pumzi. Kengele isingeweza kumwokoa mtu yeyote hapo, maana kuanguka kwenyewe ndiko kulikofunga raundi. Kanuni za Queensberry, zilizotungwa na John Graham Chambers na kuchapishwa mwaka 1867, ziliweka raundi ya dakika 3, mapumziko ya dakika 1, na sekunde 10 za aliyeanguka kusimama bila kusaidiwa. Tangu hapo yakawezekana mambo mawili kwa wakati mmoja: bondia yuko chini, mwamuzi amehesabu hadi nane, na saa ya raundi inafika mwisho. Kengele ikilia, wasaidizi wake wanamkokota hadi kwenye kona, wanammwagia maji, na anapata dakika nzima ambayo asingeipata kamwe kama angeanguka sekunde chache kabla. Waandishi wa michezo wa Marekani waliusema hivyo katika ripoti za mapambano mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka magazetini msemo ukaingia katika maisha ya kawaida.

Kisa hichohicho cha makaburi hubebeshwa pia "dead ringer", msemo wa mtu anayefanana kabisa na mwingine, eti ni maiti aliyepiga kengele. Hapa "dead" ina maana ya barabara, kamili, na "ringer" alikuwa farasi aliyeingizwa mashindanoni kwa jina la farasi mwingine ili kuwalaghai wacheza kamari wa Marekani wa karne ya 19. Hakuna marehemu anayehusika.

Jambo la mwisho linawahusu watangazaji wetu wa ndondi. Chini ya kanuni za pamoja zinazofuatwa Marekani leo, bondia aliyeangushwa haokolewi na kengele katika raundi yoyote. Mwamuzi huendelea kuhesabu hata ikilia. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba kengele imemwokoa fulani, ni vyema kutazama kwanza pambano linachezwa kwa kanuni zipi. Na jeneza la Vester lisimuliwe kwa raha zote, kwa kuwa ni habari ya kweli, bila kubebeshwa msemo usiotoka humo.