Titonia kwenye kingo za mito ya Lubumbashi: kufyeka peke yake hakutoshi

Kuanzia Aprili, mvula zinapokaribia kwisha, kingo za mto Lubumbashi, Kafubu na Naviundu zinageuka njano. Ua ni zuri na watu wanalipiga picha. Lakini mmea wenyewe, titonia (Tithonia diversifolia), si wa hapa kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kuwa pambo la bustani na ua wa nyumba, kisha ukatoka nje ya ua na kuanza kujipanda wenyewe. Leo umeshika kando za barabara na viwanja vitupu. Kinachotuumiza zaidi ni kwamba umeshika kingo za mito na pembezoni mwa dembo, yale mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa mvula na kuyaachia polepole kipwe, yaani kiangazi, kinapoingia.

Ingia ndani ya kichaka cha titonia uangalie chini. Mashina yamebanana, marefu kuliko mtu, na jua halifiki ardhini. Majani yake machungu yakianguka na kuoza huachia kemikali zinazozuia mimea mingine kuota. Kwa hiyo chini hakuna nyasi, ni udongo mtupu uliofunikwa na majani makavu. Nyasi ndizo zilizokuwa zinaushika udongo wa juu kwa mizizi yao myembamba. Zikishaondoka, mvula ya Januari inaubeba udongo mpaka mtoni, kitanda cha mto kinapanda, na maji yanaanza kutafuta njia kwenye bustani na nyumba zilizo karibu. Vyura, ndege na samaki wadogo waliokuwa wanajificha na kutaga kwenye nyasi za ukingo nao wanakosa mahali.

Tunafanya nini? Tunaitisha salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Watu wanakuja na mapanga, wanafyeka asubuhi nzima kwa moyo, halafu matakataka yote yanasukumwa mtoni ili yaondoke. Nasema kwa heshima kwa wote wanaojitolea: kazi ya namna hiyo inausaidia mmea. Kata shina moja, kisha rudi baada ya wiki chache. Juu ya kisiki, chini kidogo ya mkato, utakuta machipukizi kadhaa mahali palipokuwa na shina moja. Vipande vilivyobaki kwenye tope navyo vinatoa mizizi. Vile vilivyokwenda na maji vitakwama kwenye kingo za wenzetu walio chini ya mto na kuota huko.

Njia inayofaa inaanza na kalenda. Ng'oa Februari na Machi, kabla maua hayajafunguka, wakati ardhi bado imelowa na kisiki kinakubali jembe. Ukingoja Mei, kila shina unalolitingisha linamwaga mbegu. Anzia juu ya mto ushuke, kwa sababu mbegu ni nyepesi na maji yanazibeba. Ukisafisha chini kwanza, mvula inayofuata itakuletea nyingine kutoka juu. Chimba kisiki chote pamoja na shingo ya mzizi. Shina lililokatwa liwekwe mbali na maji, juu ya ardhi kavu, likauke kabisa.

Mahali pamoja ninawaomba msichimbe: kwenye ukingo mkali. Mkichimbua visiki vyote pale katikati ya mvula, ukingo utabomoka. Hapo kateni karibu kabisa na ardhi, mrudie kila machipukizi yanapotokea, na mpande mimea ya kwetu katikati ya visiki mpaka ishike udongo. Ni kazi ya polepole, lakini ukingo unabaki.

Na tafadhali, acheni matete! Mara nyingi salongo inafyeka kila kilicho kirefu, na matete na mafunjo yanakwenda pamoja na titonia, pengine hata yanachomwa. Matete (Phragmites mauritianus) ni ya hapa, na ndiyo yanayoushika ukingo. Mahali palipobaki wazi, kata mzizi wa matete wenye pingili mbili au tatu, uuzike kwenye tope mvula za Novemba zinapoanza. Mafunjo yanafaa maji yanaposimama. Juu kidogo ya ukingo pandeni miti ya kandokando ya maji kama Syzygium cordatum. Mbegu yake ipandwe ikiwa mbichi, maana ikikauka haioti. Msipande mikaratusi kwenye dembo. Inakua haraka, ndiyo, lakini inakunywa maji yale yale tunayotaka dembo iyatunze.

Mbegu za titonia zilizokwisha kuanguka zitaota mvula zijazo, na nyingine mvula zinazofuata. Kwa hiyo salongo moja isihesabiwe kuwa kazi imekwisha. Ningependa kila avenyu ipewe kipande chake cha mto, na watu wapite kila mwezi wakati wa mvula kung'oa miche kwa mkono ikiwa bado haijafika magotini. Mkifanya hivyo kwa misimu miwili au mitatu, matete yakishafunga, titonia haipati tena jua.

Akina mama wanaolima lengalenga na mboga nyingine mabondeni wana faida hapa. Jani la titonia lililokaushwa lina takribani asilimia 3.5 ya nitrojeni, na potasiamu nyingi. Majani mabichi yaliyokatwa kabla ya maua, yakifukiwa kwenye tuta, ni mbolea nzuri ya bure. Lakini chukueni yale ya kando ya barabara ndogo na viwanja vilivyo mbali na viwanda. Baadhi ya mito yetu imebeba shaba na kobalti kwa miaka mingi, na udongo wake haufai kurudishwa kwenye sahani. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri dawa za kuua magugu karibu na maji ambayo watu wanafulia na kumwagilia mboga.

Neno moja juu ya mmea mwingine mgeni, gugu maji, lile linaloelea na kutoa maua ya zambarau. Liliingia mto Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuenea upesi sana. Kwenye Ziwa Victoria, katika miaka ya 1990, ilibidi waachiliwe wadudu wadogo, fukusi wa Neochetina, ili walile, na walisaidia sana. Likishatanda, mbu na konokono wa bilarzia wanapata makao. Ukiona hata mmea mmoja kwenye bwawa la samaki au mfereji, vaa buti na glavu, utoe mzima pamoja na mizizi yake, uuanike mbali na maji, na umjulishe shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) siku hiyo hiyo ili majirani wakague mabwawa yao pia.