Acheni kuidai sherehe ya mwaka ya bweni iwazoeshe watu

Nimeulizwa tena, safari hii na mwenyekiti wa kamati ya bweni: "Tukiongeza bajeti ya sherehe, wakazi watazoeana?" Hapana, hawatazoeana. Mimi ni mlezi wa mabweni, na imani hii imenichosha: kwamba watu wasiojuana wakijazwa ukumbini usiku mmoja kwa mwaka, muziki ukapigwa na chakula kikatosha, wataamka asubuhi wakiwa ndugu.

Utazameni ukumbi saa moja baada ya milango kufunguliwa. Kila meza ina watu walioingia pamoja. Waliokuja na wenzao wa chumba wataondoka na haohao. Aliyekuja peke yake amekaa karibu na mlango, anakula, anatoka. Sherehe imeuonyesha urafiki uliokuwepo tayari, haijauzaa. Halafu kesho yake mtu ananiambia wanafunzi wa siku hizi hawapendi watu! Wanapenda sana. Hawakupewa sababu ya kusemezana.

Urafiki wa bweni huzaliwa koridoni. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani. Waliwaomba wakazi wataje watu watatu wanaoonana nao zaidi kijamii. Katika majengo ya ghorofa, majirani wa mlango wa pili walitajana kwa asilimia 41 ya nafasi zilizokuwepo. Palipokuwa na mlango mmoja katikati ilishuka hadi 22, na kwa wale wa ncha mbili za ghorofa hiyohiyo ilikuwa 10. Ghorofa ileile, mwendo wa hatua chache! Waliokaa karibu na ngazi ndio waliojuana zaidi na watu wa juu, maana hao walipita mlangoni pao kila siku. Wale walikuwa wana ndoa, si vijana wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo siwabebeshi wakazi wangu tarakimu hizo. Ila mwelekeo wake nauona kila muhula.

Kwa hiyo faida ya sherehe iko katika wiki zinazoitangulia. Maandalizi humpa mtu wa ncha ya huku sababu ya kugonga mlango wa ncha ya kule, si mara moja, bali tena na tena. Changanyeni vyumba vilivyo mbalimbali, kila kundi lipewe kazi isiyofanyika na mtu mmoja: mapambo, kugawa chakula, kufunga maspika, kusafisha ukumbi baadaye. Usafi hasa. Wanaobaki usiku kupanga viti huongea kuliko waliocheza muziki usiku kucha. Kamati inayomkodi mtu afanye kila kitu imenunua usiku mmoja na kuzitupa wiki zote zenye manufaa.

Tarehe nayo iwe mapema katika muhula wa kwanza, kabla makundi hayajajifunga. Sherehe ya kuagana ni nzuri kwa kuagana, lakini watu wanaofungasha mabegi hawaanzi kujuana. Habari za ulinzi, kelele na saa ya kufunga kubalianeni na uongozi kwa maandishi, basi.

Yapo yanayonisumbua. Huenda wanaojitokeza kupamba ni walewale ambao wangepata marafiki hata bila sherehe, na sina njia ya uhakika ya kuwatenganisha. Tena ukaribu huzaa uadui pia: watafiti Ebbesen, Kjos na Konečni waliandika hilo mwaka 1976 kuhusu makazi ya California, ambako hata watu ambao wakazi hawakuwapenda walikuwa majirani zao. Watu wakishafanya kazi pamoja ndipo wanapojua nani mvivu. Ugomvi wa namna hiyo sijui kuuzuia, najua tu kuuwahi.

Mkitaka kupima, acheni kuhesabu vichwa mlangoni. Kabla ya maandalizi, na tena mwezi mmoja baada ya sherehe, waombeni wakazi waandike, bila kutaja majina, wanaoonana nao zaidi wanakaa korido gani. Majibu yakibaki kwenye korido ya mwandishi mwenyewe, mwakani badilisheni mgawanyo wa kazi kabla hamjagusa bajeti.