Siku 21 Hazijengi Mazoea ya Mazoezi

Nimeulizwa tena: "Kocha, nikivuka siku 21 mwili si utakuwa umeshazoea?" Hapana. Imani hii inavunja watu moyo kuliko uvivu.

Hesabu hiyo ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Sura, si mazoezi! Lile "angalau" nalo likadondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, wakapata kiwango cha kati cha siku 66: waliozoea upesi zaidi siku 18, waliochelewa zaidi 254. Hata hiyo 66 naishika kwa tahadhari, kwa sababu ufuatiliaji uliishia siku ya 84. 254 ni makadirio ya hesabu.

Walichokiona, na ambacho watu hawataki kukisikia, ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hakuna "kuanza upya siku ya kwanza". Umekosa Jumatano? Jumamosi fanya zoezi la Jumamosi. Usilipize mawili kwa mpigo, utaumia.

Na wiki ya tatu ndipo miguu huanza kulalamika. Pumzi huzoea haraka, mifupa na kano huchelewa. Anayekimbia lami kila siku anajiona ana nguvu, anaongeza kasi, kisha ugoko unauma upande wa ndani. Maumivu yakitapakaa sehemu ndefu, punguza mbio, tembea. Yakiwa nukta moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na yanauma hata umelala, acha kukimbia uende hospitali: huenda mfupa una ufa.

Kwa anayeanza, siku tatu kwa wiki zinatosha. Tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane. Uweze kuongea, ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Zoezi lifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya, si na saa: ukitoka swala ya alfajiri, au ukishampeleka mtoto shule. Ramadhani ikiingia, lihamishie baada ya tarawehe na ulifupishe liwe dakika 10. Idd ikipita, wiki ya kwanza rudi na nusu ya ulichokuwa ukifanya kabla ya mfungo.