Sehemu sawa: namba moja, sura nyingi

Sehemu sawa ni zile zenye thamani moja ingawa zimeandikwa kwa namba tofauti, kama 1/2 na 2/4. Anayekosea hapa mara nyingi hajakosea kuzidisha. Amekosea kutazama: anaona namba mbili zilizopandana, moja juu ya mstari na nyingine chini, badala ya kuona namba moja. Kauli zilizo kwenye alama za kunukuu hapa chini ni makosa ya kawaida, na kila moja inafuatwa na jibu lake.

"2/4 ni kubwa kuliko 1/2, maana namba zake ni kubwa."
Chukua ukanda wa karatasi, ukunje katikati, upake rangi upande mmoja. Hiyo ni 1/2. Ukunje tena, kisha ukunjue: vipande 4, viwili vina rangi. Rangi haikuongezeka hata chembe. Idadi ya vipande imekuwa maradufu, lakini kila kipande kimekuwa nusu ya kile cha mwanzo. Kunja mara nyingine upate 4/8. Sharti ni kwamba ukanda uwe uleule. Wanaochora mistatili miwili ya ukubwa tofauti hujichanganya wenyewe.

"Ukizidisha juu na chini kwa 3, sehemu inakuwa kubwa mara 3."
Hapana, umezidisha kwa 3/3, yaani 1. Ndiyo maana 2/5 na 6/15 ni kitu kilekile. Ukitaka kweli mara 3 ya 2/5, zidisha kiasi, yaani namba ya juu, peke yake: 6/5. Namba yoyote inafaa kwa kazi hii isipokuwa 0, kwani 0/0 haina thamani.

"Kama kuzidisha kunakubalika, na kujumlisha pia."
Hii ndiyo sugu kuliko zote, na naielewa: kinachofanywa juu kinafanywa na chini, kwa hiyo inaonekana haki. Jaribu. Ongeza 1 juu na chini ya 1/2, unapata 2/3. Tena: 3/4. Tena: 4/5. Ukiongeza 99 kwa mpigo, 1/2 inageuka 100/101, karibu kizima! Anza na 3/2 uone inavyoshuka: 4/3, 5/4, 6/5. Kila mara sehemu inavutwa kuelekea 1, kutoka chini au kutoka juu. Inayosalimika ni ile ambayo tayari ni 1, kama 5/5.

"Tarakimu ikijirudia juu na chini, ikate."
Hapa hesabu zenyewe zina utani. Kata 6 mbili kwenye 16/64 na inabaki 1/4, jibu sahihi kabisa. 19/95 inatoa 1/5, sahihi. 26/65 inatoa 2/5, na 49/98 inatoa 4/8, sahihi tena. Basi, zimekwisha. Kwa sehemu ndogo kuliko 1 zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ukiacha zile zinazoishia na 0 kote kuwili, ni hizo nne tu. Ukikata 2 kwenye 12/24 utapata 1/4, ilhali jibu ni 1/2. Kinachokatwa kihalali ni kigawo, yaani namba inayoigawa namba yote ya juu na yote ya chini bila baki, si tarakimu iliyomo ndani yake.

"Kurahisisha ni kupunguza."
Kurahisisha ni kugawanya juu na chini kwa namba ileile: namba zinapungua, thamani haiguswi.

"6/8 na 9/12 si sawa, kwa sababu 6 haiingii kwenye 9."
Zote mbili ni 3/4. Sehemu mbili zinaweza kulingana bila moja kuzaa nyingine kwa kuzidisha kwa namba nzima. Kipimo cha haraka ni kuzidisha mshazari: 6 × 12 = 72, na 8 × 9 = 72. Wengi hukariri njia hii kama mazingaombwe, kumbe ni kuzipa sehemu zote asili moja, yaani namba moja ya chini. Asili hiyo ni 8 × 12, yaani 96, na kila upande unakuwa 72/96.

"91/119 imeshafika mwisho, hairahisishiki."
Jicho linadanganywa kwa sababu 2, 3 na 5 zote zinakataa. Tumia njia aliyoiandika Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, yapata mwaka 300 KK. 119 toa 91, inabaki 28. Ondoa 28 mara tatu kwenye 91, inabaki 7. Na 7 inaigawa 28 bila baki, kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa 91 na 119 bila baki, ni 7. Gawanya juu na chini: 13/17. Kama una shaka, 91 × 17 ni 1547, na 119 × 13 ni 1547.