Kutegemeana: nani ana tangi uani?

Tarehe 19 Novemba 2023 helikopta ya Wahouthi, kundi la waasi wa Yemen, ilitua kwenye sitaha ya meli Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, mabaharia wakatekwa. Mashambulizi yakaendelea, na kabla mwaka haujaisha kampuni kubwa za meli zilikuwa zinaikwepa njia hiyo na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Makontena ya parachichi kutoka Mombasa kwenda Ulaya nayo yakalazimika kuzunguka. Parachichi likishachumwa halingoji. Hata kwenye kontena la baridi linaendelea kuiva taratibu. Mkulima wa Murang'a hana ugomvi na mtu yeyote Yemen, lakini vita vile vilimfikia shambani.

Wanaosoma usalama wa kimataifa wanaiita hali hii kutegemeana. Si kufanya biashara tu. Ni kufungamana kiasi kwamba uzi ukikatika, wanaumia wengi, ingawa hawaumii sawa. Hapo ndipo wengi hukosea: wanalisikia neno, wanadhani ni usawa au urafiki.

Wasomi wa Marekani Robert Keohane na Joseph Nye walitenganisha mambo mawili katika miaka ya 1970: kuguswa na kukosa pa kukimbilia. Chukua majirani wawili wanaotumia bomba moja. Maji yakikatika, wote wanaguswa. Mmoja ana tangi uani, basi anafungua koki na kuendelea kufua. Mwenzake ana ndoo mbili, na kufika jioni zimekauka. Kampuni ya meli iliguswa, ikalipa mafuta zaidi, ikampandishia mteja nauli. Mwenye parachichi hakuwa na tangi.

Ndiyo maana kuhesabu vifaru na manowari peke yake hakutoshi tena. Wahouthi hawana jeshi la majini la kulingana na la Marekani, ila wamekaa kando ya Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, wenye upana wa kilomita 30 hivi. Swali limekuwa nani amekaa mlangoni, na nani ana mlango mwingine.

Uzi mwingine nao ulikatika. Februari 2024 Wahouthi waliipiga meli Rubymar, iliyobeba mbolea. Ikaelea siku kadhaa kabla ya kuzama, na maofisa wa Marekani walisema huenda nanga yake iliyokuwa ikiburuzwa ndiyo iliyokata mikonga mitatu ya intaneti chini ya bahari. Mmojawapo ni wa Seacom, unaofika Mombasa na Dar es Salaam.